Kifaa kipya kinakataa kuingia kwenye baiskeli ya zamani: dalili, chanzo na njia ya kutokea

Baiskeli ya milimani ya mwaka 2008 inaweza kuwa na fremu nzima kabisa, haina ufa wala kutu, na bado ikakataa karibu kila kifaa kinachouzwa leo. Unaleta gurudumu, ni pana mno. Unaleta foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), shina lake ni nene. Unaleta kaseti (rundo la spoketi za nyuma), haishuki kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema baiskeli imekufa.

Mara nyingi haijafa. Sehemu zilizobadilika vipimo ni zile za maungio, pale kifaa kimoja kinapokutana na kingine, na kila ungio lina dalili zake. Kwa maoni yangu fremu ya zamani ina kuta tatu tu ambazo hazibomolewi: upana kati ya makucha ya nyuma yanayoshika ekseli, kipenyo cha shingo inamopita shina la foki, na nafasi ya tairi kwenye fremu. Mengine yote yana mlango, ingawa mingine ni myembamba.

Tafuta vernia (kipimio chenye taya cha unene na vipenyo), hata ya plastiki, kabla ya kuagiza chochote. Pima nafasi kati ya makucha ya nyuma, ndani kwa ndani, kisha ya mbele. Pima kipenyo cha ndani cha shingo juu na chini, baada ya kutoa vikombe vya beringi. Soma namba iliyochapwa kwenye nguzo ya kiti na ile ya ubavuni mwa tairi. Jina la inchi halitakusaidia sana: tairi la "26" hukaa kwenye rimu ya milimita 559, la "27.5" kwenye 584, la "29" kwenye 622. Hizo namba za milimita ndizo za kuandika kwenye daftari lako.

Dalili: gurudumu jipya haliingii, au linaingia na kuchezacheza

Kwa miaka mingi baiskeli za milimani zilitumia milimita 135 nyuma na 100 mbele, zote kwa ekseli nyembamba inayobanwa kwa wenzo wa mkono. Baadaye zikaja ekseli nene zinazopenya tundu la fremu na kufungwa kwa hesi: ya mbele milimita 15 kwa upana uleule wa 100, ya nyuma milimita 12 kwa upana wa 142. Kisha kampuni za Trek na SRAM wakaleta Boost, yaani 110 mbele na 148 nyuma, na ndani ya miaka michache ikawa ndiyo kawaida ya baiskeli mpya.

Namba 142 inatisha bure. Habu ya 142 kwa ndani ni ileile ya 135, ila imeongezwa milimita 3.5 kila upande ili ncha zake zikae kwenye vishimo vya fremu. Ndiyo maana habu nyingi za kizazi hicho hugeuzwa kutoka 142 kuwa 135 kwa kubadilisha vifuniko vya ncha tu. Kwa hiyo fremu yako ikiwa ya 135, usitafute gurudumu lililoandikwa 135 peke yake. Tafuta la 142, kisha muulize muuzaji kama vifuniko vya ekseli ya wenzo vinapatikana kwa habu hiyo. Mbele ni hivyohivyo: habu nyingi za 15 kwa 100 zinakubali vifuniko vya ekseli nyembamba.

Boost ni habari nyingine. Pale mbavu za habu ya nyuma zinazoshika spoki zilisogezwa nje milimita 3 kila upande, na diski ya breki ikasogea pamoja nazo. Gurudumu la zamani linaweza kuingia kwenye fremu ya Boost kwa kuongezewa spesa, kusogezwa diski na kuvutwa upya rimu ikae katikati. Gurudumu la Boost kwenye fremu ya zamani haliingii. Ukisikia fundi anapendekeza kuipanua fremu ya alumini kwa kuivuta, ichukue baiskeli yako uondoke. Chuma cha pua au chuma cha kawaida kinaweza kuvumilia kupanuliwa kidogo na mtu anayejua kazi. Alumini hupata ufa na kaboni hupasuka, na kutoka 135 hadi 148 ni mbali mno hata kwa chuma.

Gurudumu likiingia lakini diski ikasugua upande mmoja hata baada ya kulegeza na kupanga upya kalipa (kibanio cha breki), angalia vifuniko: mara nyingi vimebadilishana pande. Likichezacheza huku wenzo umebanwa, ekseli ni ndefu kuliko unene wa makucha, hivyo wenzo unabana ekseli yenyewe na kuiacha fremu.

Na je, rimu ya 584 kwenye fremu iliyotengenezwa kwa 559? Tofauti ya kipenyo ni milimita 25, kwa hiyo tairi linasogea karibu na fremu kwa milimita 12.5. Kwa breki za diski inawezekana kwenye baadhi ya fremu, ukitumia tairi jembamba. Kwa breki za rimu haiwezekani, kwa sababu vipande vya breki vitagusa pasipo rimu. Lakini faida ya gurudumu kubwa unaila mwenyewe unapolazimika kupunguza unene wa tairi. Mimi ningebaki na 559, nitafute rimu pana zaidi na tairi nene kadiri fremu inavyoruhusu, nikiacha angalau milimita 6 kila upande kwa ajili ya matope na rimu inayoyumba.

Dalili: shina la foki halipiti shingoni

Shina la zamani lina milimita 28.6 kuanzia juu hadi chini. Foki za kisasa zina shina linalonenepa kuelekea chini hadi inchi moja na nusu. Hapa mwelekeo ndio unaoamua. Foki ya shina nyoofu huingia kwenye fremu yenye shingo pana kwa kuweka beringi za kupunguza kipenyo. Foki ya shina nene haiingii kwenye shingo nyembamba, labda.

Nasema labda kwa sababu ya kipimo kile ulichokiandika. Ukikuta kipenyo cha ndani cha shingo ni milimita 34, mlango umefungwa. Endelea na shina nyoofu. Ukikuta ni 44 juu na chini, una bahati: kuna kikombe cha chini kinachokaa nje ya shingo na kupokea shina nene. Kwenye maduka utakiona kimeandikwa EC44/40. Kitainua mbele ya baiskeli karibu sentimita moja au zaidi kidogo, kwa hiyo kihesabu pamoja na urefu wa foki.

Urefu huo ndio unaosahaulika. Foki ikiwa ndefu kwa milimita 20 kuliko ile ya awali, pembe ya shingo hulala kwa takriban nyuzi 1. Dalili zake utazisikia barabarani: usukani unakuwa mzito kwenye kona za polepole, gurudumu la mbele linapepesuka na kunyanyuka unapopanda mlima, na pedali ziko juu kuliko ulivyozoea. Nyuzi 1 wengi huipenda. Zaidi ya hapo, nguvu inayovuta chini ya shingo inazidi ile ambayo fremu ya foki yenye mwendo wa milimita 100 ilitengenezewa, na ufa huanzia hapo, kwenye weldi ya bomba la chini.

Foki mpya za gurudumu la 559 zenye shina nyoofu na ubora wa maana zimeadimika. Njia iliyobaki ni foki ya gurudumu la 584 yenye shina nyoofu, iliyofupishwa mwendo wake kwa ndani, au kuikarabati uliyonayo. Ukarabati nisingeudharau. Sili mpya, mafuta mapya na bushi zisizolegea huifanya foki ya miaka 15 ifanye kazi kuliko foki mpya ya bei ya chini. Ukinunua iliyotumika, kwanza uliza urefu wa shina. Shina likishakatwa fupi kuliko shingo yako hakuna dawa, na matangazo mengi hayautaji urefu huo.

Dalili za giya

Upande huu una matatizo mengi kuliko mengine, na mengi yake husingiziwa ubishi wa vipimo kumbe chanzo ni kingine. Anza na kipi hasa kinatokea.

*Kaseti haishuki kwenye habu.* Kuna mitindo mitatu ya frihabu (sehemu ya habu inayobeba kaseti) utakayokutana nayo. Wa zamani ni Hyperglide wa kampuni ya Shimano, ambao spoketi yake ndogo kabisa kwa kawaida ina meno 11. Mwaka 2012 SRAM walileta XD, na mwaka 2018 Shimano wakaleta Micro Spline, wote wakitaka kuweka spoketi ya meno 10. Kaseti ya 10-51 au 10-52 haitashuka kwenye Hyperglide hata uilazimishe. Habu nyingine hukubali kubadilishiwa frihabu peke yake. Habu nyingi za bei nafuu zenye beringi za gololi hazikubali.

Habari njema ni kwamba Hyperglide haijafa. Shimano wenyewe wanatoa kaseti za spoketi 10 za 11-46 na spoketi 11 za 11-51 zinazoingia humo, na familia yao ya CUES iliyotoka mwaka 2023 nayo inatumia frihabu hiyohiyo. SRAM wana NX Eagle ya spoketi 12, 11-50, kwenye Hyperglide. Hilo jino moja unalokosa upande wa mwendo kasi, sijaona mtu anayelililia kwenye njia ya mawe.

Kama hujui una nini, toa gurudumu na uzungushe spoketi kinyumenyume huku ukitazama meno ya kuingizia spana katikati. Yakizunguka pamoja na spoketi, hiyo ni kaseti. Yakitulia, una friwili ya kufungwa kwa hesi, mtindo wa kale ambao ekseli yake hupinda kwa urahisi kwa kuwa beringi iko mbali na fremu. Usiweke pesa hapo. Tafuta gurudumu zima la 135 lenye Hyperglide, kisha ndipo ufikirie giya.

*Kaseti imefungwa vizuri lakini inatikisika.* Frihabu ni ndefu kuliko kaseti. Kaseti ya spoketi 7 kwenye habu ya spoketi 8 hadi 10 inahitaji spesa ya milimita 4.5 nyuma yake. Kaseti ya 8 hadi 10 kwenye habu ya baiskeli ya barabarani ya spoketi 11 inahitaji ya milimita 1.85. Kazi ya dakika chache.

*Bonyezo moja la shifta (kibadili giya cha usukani) linaruka spoketi moja na nusu, au halifikishi.* Huu ndio ugomvi halisi wa vizazi. Shimano walitumia uwiano uleule wa kuvuta waya kwenye spoketi 7, 8 na 9, kisha wakaubadilisha walipoingia spoketi 10 za milimani. Shifta ya 10 huvuta waya mwingi zaidi kwa bonyezo. Ukiifunga na dereila (kifaa kinachosogeza cheni) ya 9, cheni inapitiliza. Ukifanya kinyume, shifta ya 9 na dereila ya 10, cheni inabaki njiani na kuanza kukereza. Hakuna skrubu ya kurekebisha itakayoponya hilo. Wengine huzungusha skrubu ya waya jioni nzima. Spoketi mbili zinatulia, tano zinagoma, wanarudi mwanzo. Shifta za SRAM nazo zina uwiano wake, kwa kawaida hazielewani na dereila za Shimano.

Dawa ni kununua shifta, dereila, kaseti na cheni za familia moja kwa mkupuo. Inauma mfukoni, lakini hapo ndipo fremu ya zamani inapokuwa haina ubishi wowote: sikio linaloshika dereila lina hesi ileile ya milimita 10 iliyokuwepo zamani, na dereila ya kisasa ya spoketi 11 inafungwa bila hila. Mpaka mmoja tu hauvukiki. Mfumo wa SRAM uitwao Transmission, wa mwaka 2023, hufungwa moja kwa moja kwenye fremu na hudai fremu iliyotengenezwa kwa sikio la UDH, kipimo kilichoanza mwaka 2019. Fremu ya kabla ya hapo isahau mfumo huo.

*Spoketi ndogo zinatulia, kubwa zinapiga kelele, au kinyume chake.* Usikimbilie kulaumu vipimo. Tazama baiskeli kutoka nyuma: sikio la dereila limepinda. Baiskeli ikianguka upande wa kulia mara moja tu inatosha. Kaseti za spoketi 10 na kuendelea zina nafasi finyu, kwa hiyo upindaji ambao spoketi 8 ziliuvumilia sasa unaonekana. Likinyooshwa kwa kifaa chake tatizo linaisha. Ukiliona la fremu yako linauzwa mahali, nunua mawili, maana masikio ya fremu za zamani yanatofautiana kwa kila mtengenezaji na huacha kutolewa kimyakimya.

*Gurudumu la juu la dereila linagonga spoketi kubwa.* Dereila haikutengenezewa ukubwa huo. Kaza skrubu ya kuisogeza chini. Isipotosha, kuna kirefusho cha sikio kinachoishusha. Kirefusho husaidia, ila hupunguza wepesi wa kubadilisha giya kwenye spoketi ndogo.

*Cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu.* Kaseti mpya na cheni ya zamani, au cheni mpya na kaseti iliyolika. Pima pini kwa pini: viungo 12 kamili vya cheni mpya ni milimita 304.8. Ikirefuka kwa asilimia 0.5 kwenye spoketi 11 au 12, itoe.

Dalili: krenki mpya haiingii, au cheni inaanguka baada ya kubaki na sahani moja mbele

Kwenye beringi za krenki (mikono ya pedali na mhimili wake) baiskeli ya zamani imewashinda wadogo zake. Fremu nyingi za wakati ule zina bomba la hesi lenye upana wa milimita 68 au 73. Humo utaingiza karibu kila krenki ya leo, ya mhimili wa milimita 24 au ile ya DUB ya SRAM ya mwaka 2018, yenye milimita 28.99 (ndiyo, 28.99, si kosa la uchapaji). Fremu zilizokuja baadaye na beringi za kusukumizwa bila hesi ndizo zilizoleta mlio usioisha, na watengenezaji wengi wamerudi kwenye hesi.

Beringi za zamani zikikataa kufunguka, kumbuka kwamba upande wa cheni hesi yake imegeuzwa: unafungua kwa kuzungusha kufuata saa. Fremu nyingi zimeharibiwa hesi na mtu mwenye nguvu aliyesahau hilo.

Huhitaji hata krenki mpya ili kubaki na sahani moja, yaani spoketi moja ya mbele. Krenki ya sahani tatu yenye bolti nne kwenye duara la milimita 104 inakubali sahani moja yenye meno 32 ya mapana-membamba (moja pana, linalofuata jembamba), na nafasi ya sahani ya kati tayari iko karibu na mstari sahihi wa cheni. Cheni ikiendelea kuanguka, angalia mambo mawili: sahani ni ya kawaida isiyo na meno ya mapana-membamba, au dereila haina klachi ya kuibana cheni. Ukinunua krenki iliyotengenezewa Boost, sahani itakaa nje kwa milimita 3 na cheni itapinda sana kwenye spoketi kubwa. Ukiona inataka kushuka yenyewe unapokanyaga nyumanyuma ukiwa kwenye giya ya kupandia, ndicho chanzo.

Breki, usukani na kiti

Hapa sitakaa sana. Kalipa ya mtindo mmoja na fremu ya mtindo mwingine hupatanishwa na adapta, mradi fremu ina sehemu ya kufungia diski. Isipokuwa nayo, baki na breki za rimu na ununue vipande vizuri. Vibanio vya kubandika diski kwenye fremu isiyoandaliwa sivipendi. Diski ya bolti sita huweza kuwekwa kwenye habu ya Center Lock (inayofunga diski kwa pete moja ya katikati) kwa adapta, lakini diski ya Center Lock haiendi kwenye habu ya bolti sita. Breki ikilegea siku chache baada ya kuongezwa mafuta, hakikisha hukuchanganya mafuta ya breki ya DOT na mafuta ya madini: sili huvimba na kalipa nzima hutupwa.

Usukani wa milimita 31.8 unataka stemu yake (kiungo kati ya usukani na foki), na stemu hiyo hubana shina la 28.6 bila shida. Ni badiliko rahisi linaloifanya baiskeli ya zamani iongozeke kama mpya. Nguzo ya kiti ya kushuka kwa kitufe nayo inawezekana: nguzo nyembamba huwekewa bomba fupi la kujaza nafasi ndani ya bomba pana, kinyume chake hapana. Fremu isiyo na tundu la waya, chukua ile inayopitisha waya nje.

Dalili: shokomzoba ya nyuma imekwisha na mbadala haupatikani

Shokomzoba za zamani zilipimwa kwa inchi, kwa mfano milimita 200 kwa 57. Baadaye vikaja vipimo vya milimita kama 210 kwa 55 na 230 kwa 65, na vingine hufungwa kwa bolti za pembeni badala ya tundu. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu jingine, kisha mwendo wa pistoni. Iliyo ndefu kwa milimita 10 tu inaweza kuinua fremu, kugongesha tairi kwenye bomba la kiti shokomzoba inapobonyea, na kuharibu pembe zote. Usikubali "itaingia tu". Karibu kila shokomzoba ya hewa ya zamani hukarabatika kwa seti ya sili, na bushi za tundu hutengenezwa kwa kipimo chako. Kabla ya kuirudisha, safisha fremu ilipofungwa na uipitishe tochi polepole kuzunguka weldi za mkono wa nyuma. Mstari mwembamba unaorudi baada ya kufutwa ni ufa. Ukiukuta, acha kununua vifaa, vua vilivyo vizima na uvihifadhi kwa fremu nyingine ya 135.